Bugi Korogwe, Jumapili Alasiri

Jumatatu, 5 Agosti

Sukari tangu asubuhi. Robo kilo kila kaya. Foleni imezunguka duka la ushirika na mpimaji ni mimi peke yangu. Redio ilikuwa inasoma salamu, kwa kawaida sisikilizi. Nikasikia jina langu. "Zimfikie dada yangu Mwanaidi wa Kwemvule, Handeni. Jumapili alasiri bendi yetu inapiga bugi, dansi la mchana, Korogwe, ukumbi wa Manundu. Ni mimi mdogo wako Saidi, mpiga gitaa."

Nikamwaga sukari. Watu wakanuna.

Wa Kwemvule! Tulihamishwa na malori mwaka jana tukaletwa kijiji hiki kipya. Kwemvule hakuna hata paka. Nimecheka peke yangu, mtu wa mjini hana habari.

Jumanne, 6 Agosti

Sina hamu ya kula. Miaka saba sijamwona. Aliondoka mama akiwa mgonjwa, akafuata magitaa ya umeme Dar es Salaam. Alikuja arobaini ya mama na nywele zake ndefu, nikamwambia mbele ya watu asirudi tena. Akanisikiliza. Barua zake mbili nilizichoma bila kuzifungua.

Sina mtu mwingine. Mume alikwenda zake zamani, mtoto sikujaliwa. Nyumba hii mpya inanuka udongo na hakuna mwingine anayekohoa ndani.

Alhamisi, 8 Agosti

Jumapili ni zamu yetu shamba la kijiji. Nimekwenda kwa mwenyekiti kuomba ruhusa, nikasingizia jino. Akanitazama mdomoni.

"Daktari wa meno anafanya kazi Jumapili, mama?"

Nikashika shavu. Akaandika ruhusa. Naona na yeye ana redio.

Jumapili, 11 Agosti

Naandika stendi ya Korogwe, nasubiri basi.

Ukumbi ulijaa vijana. Suruali za bugaluu, viatu vya raizon, jasho. Mimi na kanga zangu mbili pembeni. Gitaa linanguruma kama mashine ya kusaga, kifua kinatetemeka. Nikasogea mpaka mbele. Mpigaji si Saidi.

Walipopumzika nikamfuata mpiga ngoma. Kijana mwenye adabu, aliniamkia kwanza.

"Saidi ameacha bendi, mama. Ameshuka Mkata leo saa nne asubuhi na mizigo yake yote. Kasema anakwenda kukaa kwa dada yake Kwemvule, zile salamu alizituma ili asimshtue."

Mimi nimepanda basi Mkata saa tatu. Yeye ameshuka saa nne.

Nilisikia redio inasema Kwemvule nikacheka. Mjinga ni mimi. Nilitakiwa kukaa palepale Kwemvule nimsubiri.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeshuka Mkata, sikupita nyumbani. Nimekwenda Kwemvule kwa miguu. Paa la nyumba yetu lilichomwa siku ya malori, ukuta mmoja umesimama. Ng'ombe wanakula mahali palipokuwa na mahindi yetu. Mwenye ng'ombe, mzee wa Kimaasai, amemwona Saidi.

"Alikuja na sanduku na gitaa. Akauliza watu wako wapi. Nikasema walichukuliwa na lori, wapi sijui. Akafyeka majani kwenye kaburi lile. Akakaa. Leo asubuhi akaondoka."

Kaburi la mama ni safi. Mimi sijalifyeka tangu tuhamishwe.

Nimeulizia Mkata. Mmoja anasema kapanda basi la Tanga. Mwingine anasema Morogoro. Nimelia pale barabarani, wauza mihogo wananiangalia.

Jumatano, 14 Agosti

Nimepima unga. Nimetuma kadi ya salamu. Husomwa baada ya wiki nyingi, na asiye na redio hasikii. Mwenyekiti ameuliza jino linaendeleaje. Nimemwambia limeng'oka.

Ijumaa, 16 Agosti

Mchana duka limefungwa. Nimerudi Kwemvule. Kwenye boriti iliyoungua nikapata mkaa, nikaandika juu ya ule ukuta kwa herufi kubwa. Saidi, tulihamishwa. Nipo kijiji kipya jirani na Mkata, safu ya tatu, nyumba ya mwisho upande wa kisima. Mwanaidi.

Nafasi ya kuandika neno nisamehe ilikuwepo. Nikaliandika.

Mvua za vuli zitaufuta. Nitakuja kuandika tena. Nimekaa kidogo kwenye msingi, halafu nikarudi kuinjika ugali wa mtu mmoja.