Mashine Yenye Tundu la Diski

Łódź, 9 Novemba

Kwa Mama Genowefa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti halikusumbui sana na baridi hii. Sisi hatujambo. Olek wangu alikuwa na mafua, sasa yamehamia kwa Witold, na yeye anaumwa kwa kelele kuliko mtoto.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Tulionana juzi makaburini, Siku ya Watakatifu Wote, ukanipa mkono juu ya mishumaa ya kaburi la binti yako Iwona, basi. Ningepiga simu, lakini Witold ananiambia kwenye simu unamsikia mtu kama anaongea ndani ya ndoo.

Nina swali, na wewe ndiye mtu pekee wa kuniambia ukweli. Tunataka kununua mashine ya gemu ya sebuleni, tuiweke pamoja na zawadi za watoto siku ya Mtakatifu Nikola. Si ya mtoto mmoja kujifungia nayo chumbani. Nataka ya wote wanne, ya kucheza pamoja na kuangalia filamu Jumamosi. Tangu nihamie hapa kiangazi, mjukuu wako Jagoda anakula haraka, anasema asante, anafunga mlango. Si kwamba hana adabu, Mama. Ni mpole kama mgeni hotelini, na hilo ndilo linaloniumiza.

Nimezunguka madukani mpaka nimechoka. Iko moja ndogo, unaichomoa kwenye kituo chake ukaishika mkononi, ina michezo ya kuchekesha ya familia nzima, lakini kwa filamu haina maana. Iko kubwa, imesimama kama sanduku la safari, ina tundu la kuingizia diski, na picha yake ni safi sana. Na yupo ndugu yake asiye na tundu, kila kitu anavuta kutoka intaneti, bei yake nafuu. Witold anataka huyo wa mwisho. Olek anataka ile ndogo kwa sababu ina rangi. Nilipomuuliza Jagoda akasema, "Chochote tu, Bi Kinga."

Wewe unamjua. Anapenda nini akiwa hajajificha?

Nakutakia afya njema.
Kinga, mke wa Witold


Olszanka, 17 Novemba

Kwa Kinga,

Milele amina. Mimi mzima. Goti ni goti, halijanizuia kukata kabichi ya kuchachusha, mwaka huu imejaa pipa lote. Mwambie Witold anywe maziwa ya moto na kitunguu saumu aache kulalamika.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika. Nilisema moyoni, mwanamke huyu ameingia nyumba ya binti yangu, sasa anataka na mtoto amnunue kwa mashine. Mara ya pili nikaona kwamba umeuliza, na Witold tangu Iwona afe hajaniuliza kitu zaidi ya hali ya hewa.

Basi sikiliza. Jagoda anapenda filamu. Yeye na mama yake kila Jumamosi walikuwa wanajifunika blanketi moja na kuangalia filamu za diski, zile za kigeni za zamani ambazo mwanamume mmoja anasoma kwa Kipolandi maneno ya watu wote kwa sauti ileile nzito, msichana akipiga kelele yeye anasoma kama anatangaza bei ya viazi. Iwona alikuwa anamwiga. Mezani alikuwa anasema kwa sauti hiyo, "Jagoda hataki supu," na mtoto anakunywa supu kwa kucheka.

Baada ya mazishi Witold aliniletea diski zote kwenye katoni. Hakuweza kuziona. Mimi sina pa kuzichezea, zimekaa juu ya kabati la Iwona. Nitazipeleka posta. Kwa hiyo chukua yenye tundu, hata kama Witold atanuna. Kununa kwake hakudumu.

Usimfanye mtoto asahau mama yake. Hilo tu.

Genowefa, bibi yake Jagoda


Łódź, 22 Novemba

Mama Genowefa,

Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani? Sisi wazima, mafua yamekwisha.

Barua yako haijafika, labda posta wamelala, au labda nilikukosea kwa kukuandikia. Kama nilikukosea, naomba radhi. Nakuandikia kukuambia kwamba usijisumbue tena na swali langu. Duka moja lilipunguza bei jana, Witold akarudi na ile isiyo na tundu, akiwa amefurahi kama aliyewinda nguruwe mwitu. Tumeongeza rimoti za kuchezea zitoshe kila mtu, maana nimeona kwa dada yangu, rimoti zikiwa pungufu watoto wanapigana. Tumeificha juu ya kabati la makoti. Olek ameshaiona ila anajifanya hajui.

Nakusalimu kwa heshima.
Kinga


Olszanka, 28 Novemba

Kinga,

Uliniuliza swali, hukungoja jibu. Stempu ulinunua ya nini?

Barua yangu bila shaka umeshaipata, kwa hiyo unajua nilichosema. Katoni ya diski iko njiani, jirani yangu Zenon ameipeleka posta kwa trekta, siwezi kumkimbiza airudishe. Ikifika, mpe Jagoda azitundike dirishani kufukuza njiwa.

Mimi sijambo.

Genowefa


Łódź, 12 Desemba

Mama Genowefa,

Tumsifu Yesu Kristo, na goti lako Mungu alilinde. Naandika nikiwa sijui kama utaifungua barua hii. Nakuomba uifungue, maana yaliyotokea ni yako pia.

Barua zako zote mbili zilifika siku moja, jioni ya kuamkia Mtakatifu Nikola, maduka yameshafungwa, na katoni ikafika asubuhi yake. Olek alikuwa ameshafungua mashine, anarukaruka. Jagoda akapokea katoni mlangoni, akaona mwandiko wako, akaifungua palepale sakafuni. Akazishika zile diski moja moja. Kisha akaiangalia mashine, akaizungusha mbele na nyuma.

"Inaingia wapi?" akauliza.

Witold akasema, "Binti yangu, siku hizi filamu zote ziko intaneti."

"Hizi haziko."

"Zipo. Ngoja nikuonyeshe." Akaitafuta ile ya mbwa anayepotea milimani, akaipata kweli. Ikaanza. Wanaongea watu wengi, kila mtu na sauti yake. Jagoda akasikiliza kidogo, akasema, "Si yeye," akaingia chumbani. Mlango haukupigwa. Ulifungwa polepole, na mimi ningependa zaidi angeupiga.

Nilikuwa nimeshaisoma barua yako, Mama, kwa hiyo nilimwelewa. Witold hakuelewa mpaka nilipomsomea. Alikaa ukingoni mwa sofa akashika uso. "Nilidhani nikizitoa machoni atapumzika," akasema. Nikamwambia ni yeye ndiye aliyepumzika.

Nikaifungasha mashine tena, Olek analia kama nimemuua mtu. Nikabisha kwa Jagoda. "Naenda dukani kuibadilisha. Sijui chochote kuhusu vitu hivi, wataniuzia friji. Nisindikize."

Nikasikia anavaa viatu.

Kwenye tramu alipakata lile boksi. Tukavuka mtaa wa Piotrkowska. Kisha akasema, "Ungempigia bibi simu kabla ya kununua."

"Bibi yako na simu?"

Akacheka, Mama. Kidogo, akatazama dirishani ili nisimwone, lakini kioo kilimwonyesha.

Dukani kijana mmoja akatuuliza tunaitaka kwa ajili ya nini, kucheza zaidi au filamu. Nikafungua mdomo, Jagoda akawahi. "Vyote. Tuko wanne. Mdogo anacheza, baba analala, sisi wawili tunaangalia."

Sisi wawili. Nilijifanya natafuta risiti kwenye mkoba.

Kijana akaanza kutushawishi, eti tundu la diski ni mambo ya wazee, filamu zote ziko intaneti. Jagoda akamwambia, "Filamu zipo. Sauti haipo." Yule kijana akaenda kuileta. Tukaongeza hela, tukachukua kubwa.

Jumamosi tumeangalia ile ya mbwa. Katikati Jagoda akaisimamisha. "Hapa ndipo mama alikuwa anaanza kulia."

Olek akaruka. "Kumbe mbwa anakufa!"

"Hafi, tulia."

"Sasa mama yako alikuwa analilia nini?"

Jagoda akafikiri. "Alikuwa analia mapema, ili mwisho akifurahi awe ameshamaliza."

Olek akaona ni akili sana. Akalia papo hapo kwa nguvu, akamaliza, akaomba filamu iendelee. Witold, aliyesemwa kwamba atalala, hakulala. Alikuwa analia pia, ila yeye hakufuata mpango wowote.

Sikutaka asahau, Mama, wala sitaki. Sikujua pa kuanzia kumkumbuka mtu nisiyemjua. Sasa namjua kidogo. Namjua anavyolia kwenye filamu.

Njoo Krismasi. Kitanda kipo, na treni kutoka Warsaw ni ya moja kwa moja. Nimekaanga vitunguu vya kumwagia juu ya maandazi ya pierogi mara tatu kwa majaribio, Jagoda anasema vya kwako vina kitu ambacho vyangu havina, na anakataa kuniambia ni nini.

Kinga


Olszanka, 8 Januari

Kinga mwanangu,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumba yako. Nimefika salama, treni ilikuwa na joto, mwanafunzi mmoja alinibebea begi mpaka kwenye basi. Kuku wote wazima, Zenon amewalisha kupita kiasi, sasa wanatembea kama maaskofu.

Sikukujibu ile barua yako kwa sababu sikujua kama nitakuja. Ukweli ni kwamba hata tiketi nikiwa nayo mkononi sikujua. Mkesha wa Krismasi nilisimama chini ya jengo lenu, nyota ya kwanza imeshatoka, nikaona madirisha yana mwanga, nikasema nitakwenda kanisani niondoke na treni ya kesho. Kisha goti likaniuma, nikapanda ili nikae tu. Wanaosema goti langu ni balaa hawajui kazi yake.

Mlango ulifunguliwa na Olek wako. Aliniangalia, akaangalia mezani kwenye ile sahani ya mgeni asiyetarajiwa, akapiga kelele, "Mgeni wa sahani kaja kweli!" Maishani mwangu nimeiweka sahani hiyo kila mwaka, na sijawahi kuwa mimi ndiye niliyekaa mbele yake. Mlipovunja ule mkate mwembamba wa Krismasi na kutakiana heri, wewe ulinitakia usingizi mzuri. Ulijuaje kwamba silali?

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukuambia huko. Siku ya pili nilikuwa jikoni kwako, nakata keki ya jibini, nikasikia sebuleni sauti inasema, nzito na taratibu, "Bibi Genowefa anakula keki tena na anadhani hatumwoni." Nilisimama na kisu mkononi. Ilikuwa Iwona. Si kwamba ilifanana. Kwa muda ule ilikuwa ni yeye, mdomo wake, mzaha wake. Kisha nikasikia Olek anaijaribu sauti hiyohiyo, inamtoka kama ya bata, na Jagoda anamfundisha, "Shusha kidevu, Olek, usitie hisia, wewe unasoma tu." Nikatoka nje kwenye roshani bila koti. Wewe ulikuja ukanifunika shali, ukasimama kando yangu, hukusema kitu. Nakushukuru kwa kutosema kitu. Mtu mwingine angeniambia kwamba yuko mbinguni.

Kuhusu ile mashine, nimebadili mawazo kiasi. Filamu nazielewa. Ule mchezo wa mbio za magari bado. Olek ananiambia "bonyeza hapa, Bibi," nabonyeza, gari linarudi nyuma, nikaendesha shindano zima kinyumenyume. Akaniuliza, "Bibi, umeamua kurudi Olszanka?" Lakini uliona kwamba mara ya mwisho nilimshinda Witold. Mtu mzima, mhandisi, anaingia mtoni kila kona. Nimewasimulia wanawake wote baada ya misa. Sasa mmoja wao, Stanisława, anataka kuiona, na anadai mikono yake ni myepesi kuliko yangu. Tutaona.

Ndiyo maana naandika. Likizo ya theluji inaanza mwishoni mwa mwezi. Mje wote, na mashine mje nayo, niko tayari kwa wale wanaojigamba. Tivii yangu ni ndogo, lakini sebule yangu ina jiko la vigae la kupashia joto, na yako haina. Olek umletee buti ndefu, huku theluji inamfika kiunoni, na asiogope bata bukini, wanatisha kwa mdomo tu.

Na mapishi ya vitunguu: mafuta ya nguruwe, si siagi. Kisha tone la maji ya tango la chumvi. Jagoda anayajua tangu akiwa mdogo. Mwulize sasa, atakuambia.

Witold na Olek watalala sebuleni karibu na jiko. Chumba cha Iwona nilikuwa sikifungui. Nimekifungua wiki hii, nimepiga deki, nimetandika shuka za kitani. Kina vitanda viwili. Mtalala humo wewe na Jagoda.

Mama yako,
Genowefa