Mwandishi: Kobelo

Kaka yangu mbishi,

Nianze na ugomvi, maana ndivyo tulivyozoea kusalimiana. Bado nasema ile programu yako ya bure ya kuandikia inavuruga majedwali. Umekufa ukiamini kwamba tatizo ni wanafunzi wasiojua kupanga kurasa, na mimi ndiye niliyebaki na wanafunzi hao. Wanarudi dukani na tasnifu zao mkononi, jedwali limekatika katikati, mhadhiri kachora duara jekundu, na wote wananikodolea macho mimi. Wewe ungewajibu, "Hiyo ni kompyuta ya mwalimu wenu ina matatizo, siyo yetu." Ulikuwa na jibu la kila kitu, na mengi yalikuwa na kiburi ndani yake. Nilikupenda hivyo hivyo.

Nakuandikia nikiwa kwenye steshenari yetu hapa Kilakala, kwenye kiti chako, kwenye mashine yako. Saa saba mchana ndiyo kwanza imepita. Ukungu umeshuka kutoka Uluguru mpaka paa la jirani silioni, na nimefunga mlango wa mbele ingawa ni Ijumaa, siku ya kazi. Kabla ya kesho asubuhi inanipasa kuifuta akaunti yako kwenye kompyuta hii. Mama amenikataza kuifuta kabla sijakuaga.

Unakumbuka siku tulipoileta? Tulitoka nayo Dar kwa basi, umeipakata skrini, na mimi nimebanwa miguu na boksi la mashine. Basi likasimama Mikese, watu wakashuka kula, wewe ukagoma. Nikakupitishia mahindi ya kuchoma dirishani, ukala kwa mkono mmoja huku wa pili umeshikilia boksi. Nikakuambia hakuna mwizi wa kuhangaika na skrini kuukuu namna ile.

"Mwizi simwogopi, mdogo wangu," ukasema. "Naogopa vumbi."

Abiria wa nyuma wakacheka. Ukawageukia, ukaanza kuwafundisha jinsi vumbi linavyoua feni ya kompyuta, mpaka tunaingia Morogoro mama mmoja alikuwa keshaomba namba yako ya simu. Niliona aibu kweli siku ile. Sasa ningetoa chochote nione aibu hiyo tena.

Ulikuwa na msimamo juu ya vitu ambavyo watu wengine hawajui hata kama vina misimamo. Kibodi yako uliinunua kwenye mnada wa vifaa chakavu vya ofisi, nzito, ina kelele za mtu anayekaanga bisi. Ulisema kibodi ya kimya haiaminiki, hujui kama imekusikia. Flashi ya mteja, hata awe padri, haikuingia kwenye mashine kubwa kabla haijapimwa kwenye ile laptopu mbovu uliyoiita wodi. Eneo-kazi lako halikuwa na ikoni hata moja. Nilipokuwa nikilijaza mafaili yenye majina "Mpya", "Mpya Kabisa", "Mwisho" na "Mwisho Kweli", ulikuwa unashika kichwa kwa mikono miwili. Halafu ukaibadilisha lugha ya mashine yote kuwa Kiswahili. Wateja wakalalamika hawaoni pa kubofya, mimi nikakuambia huo ni ushamba. "Mashine yetu," ukasema, "itaongea kama sisi." Hapo yakaisha mazungumzo.

Kwa hiyo kila asubuhi nikiiwasha inaniambia: Karibu tena, Kobelo.

Sikuwahi kuwa na akaunti yangu humu. Yako ilikuwa imepangwa vizuri, mimi mvivu, nikazoea kuingia kwa jina lako. Hata ulipolazwa kwa ajili ya figo niliendelea hivyo. Ulipofariki, watu walikuja kuniomba niandae ratiba ya mazishi, kwa kuwa mwenye steshenari ndiye hupewa kazi hiyo hata akiwa ndiye mfiwa. Nikaja hapa macho yamevimba, nikaichapa: saa ya mwili kuwasili, saa ya misa, saa ya kuelekea kijijini kwetu Kinole kuzika. Wiki moja baadaye ndugu mmoja akataka nakala. Nikalitafuta faili, nikabofya pasipotakiwa, zikafunguka sifa zake. Mwandishi: Kobelo. Aliyebadilisha mara ya mwisho: Kobelo. Na saa iliyoandikwa pale ni saa ambayo wewe ulikuwa mochwari.

Sababu ninaijua. Kompyuta inaandika jina la mwenye akaunti, haiulizi vidole ni vya nani. Nilijieleza hivyo kwa sauti, peke yangu, kama ninavyomweleza mteja. Halafu nikafunga duka nikaenda nyumbani kulala mchana kweupe.

Tangu hapo kila kinachotoka humu kinatoka na jina lako. Kadi za harusi, barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao vya jumuiya. Nusu ya mtaa huu inaandikiwa na wewe bila kujua. Kuna binti wa chuo alikuja amefura, mhadhiri wake amelifungua faili la kazi yake akaona jina lisilo lake.

"Dada, huyu Kobelo ni nani?"

"Ni kaka yangu."

"Basi naomba niongee naye. Aje aseme kwamba hakuniandikia."

Nilicheka, na nadhani nilicheka vibaya, kwa sababu binti alirudi nyuma hatua mbili na akaondoka akasahau mwavuli wake. Ningeweza kubadilisha lile jina siku ileile. Ni kazi ya dakika moja, nimewafanyia wateja mara nyingi. Sikulibadilisha.

Na kuna suala la printa. Ulinifundisha kwamba printa ya wino isipotumika hukauka, kwa hiyo uliipangia mashine ichape ukurasa mmoja kila Ijumaa saa nane mchana: mistari ya rangi nne, na chini yake jina lako. Ulipoondoka ukurasa uliendelea kutoka. Mwanzoni nilifarijika. Baadaye nikaanza kukaa nje kila Ijumaa inapokaribia saa hiyo. Mwisho nikasema yaishe, nikaingia kwenye orodha ya kazi zilizopangwa ili niizime, nikakuta imekwisha kuzimwa. Uliizima mwenyewe, siku moja kabla hujalazwa. Tarehe ipo pale.

Unanijua mimi ni mtu wa sababu. Niliiondoa printa kwenye mashine nikaiunga upya, nikabadilisha waya. Ijumaa moja nikachomoa umeme kabisa, hakikutoka kitu. Jumamosi nilipochomeka zikatoka kurasa mbili. Hilo halina maelezo kwangu, na nimeyatafuta kwa miezi.

Sasa nikuambie nililolificha, ambalo huenda unalijua. Siku ya kumaliza tanga, Mjomba aliagiza vitu vyako vyote vitolewe uani kwa Mama, vitandikwe kwenye mkeka. Unaijua mila yetu, kila kitu cha marehemu kinatajwa, kinapewa mtu, ili mwenyewe asiwe na cha kurudia, na jina lake liwe huru kurithiwa. Yalitoka mashati, baiskeli, simu, jembe ambalo sikuwahi kukuona nalo. Ikatoka ile diski uliyomwekea Mama, aliyoifunga kwenye khanga ndani ya boksi la karafuu, yenye nakala za kila ulichowahi kuandika. Akapewa binamu. Kabla wiki haijaisha alikuwa kaifuta, kaijaza sinema.

"Kuna kingine?" Mjomba akauliza. Akanitazama. "Na ile kompyuta ya dukani?"

"Ile ni yangu, Mjomba."

Nilisema nikiangalia miguu yake. Kaka, nilidanganya mbele ya ukoo mzima na mkeka wa vitu vyako uko katikati yetu. Nilijiambia nalinda kazi za wateja. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu mwingine afungue mashine aambiwe karibu tena.

Mwanangu alizaliwa hujatimiza hata miezi mitano kaburini. Kanisani ana jina lake, lakini la nyumbani ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba ni lako. Akishalipokea, Mama atamwita mwanangu na mimi nitamwita kaka, na ukoo utakuwa umekupata tena. Mwezi uliopita tukapanda Kinole. Mjomba akampakata, akamwita: Kobelo. Mtoto ambaye hamkatai mtu yeyote akakakamaa. Akageuza shingo kuangalia njia ya kushukia mjini, akatulia hivyo, macho wazi, kama anamsikiliza mtu wa huko. Mjomba akaita mara ya pili, na ya tatu. Mtoto hakumgeukia.

Mjomba akanirudishia. "Jina halijafika," akasema. "Kuna mtu bado analitumia."

Mama alikuwa ananitazama mimi, hamtazami mtoto. Ijumaa iliyofuata ukurasa ulitoka bila mistari ya rangi, karatasi nyeupe na jina lako tu mahali pake pa siku zote, wakati vyumba vya wino vimejaa nimeviona kwa macho yangu. Sikungoja. Nikapanda bodaboda mpaka Kinole, nikamkuta Mama anaanika iliki, nikamweleza yote, na lile la mkekani.

Hakunigombeza. Alizigeuza iliki mpaka alipomaliza ungo mzima.

"Weye umemficha kaka yako humo," akasema. "Hafi akaisha, wala haji. Kamtoe."

"Nikimtoa nitabaki na nini, Mama?"

"Utabaki na mwanao. Lakini umuage kwanza. Usimtoe mtu kama mgeni aliyechelewa kuondoka."

Ndiyo maana nipo hapa. Kazi za wateja nimezihamishia kwenye akaunti mpya, ina jina langu, na eneo-kazi limeshaanza kujaa uchafu, samahani. Dirisha limefunguka mbele yangu: Futa akaunti ya Kobelo? Kitendo hiki hakiwezi kutenduliwa. Nimelisogeza pembeni ili nipate pa kuandikia. Zitakazofutika si nyingi ukihesabu kwa ukubwa wa mafaili. Ni maneno ya Kiluguru uliyoifundisha mashine isiyapigie mstari mwekundu. Ni vile herufi tatu tu zinavyojigeuza kuwa anwani nzima ya duka kwa sababu ulichoka kuichapa. Ni skrini nyeusi tupu, uliyosema inapumzisha macho. Nimekaa kwenye tabia zako mwaka mzima na zaidi, kaka, na zimenizoea.

Hata barua hii, nimeangalia sasa hivi sifa zake. Mwandishi: Kobelo. Kwa mujibu wa mashine hii umeketi Kilakala unajiandikia mwenyewe, na unajiaga. Nimetoa mikono kwenye kibodi kwa muda nikaitazama. Nimerudi kwa sababu mlango umefungwa na hakuna mwingine wa kuimaliza.

Nitaichapa nakala moja, na kesho huko Kinole, kabla mtoto hajaitwa tena kwa jina lako, nitaisoma mbele ya Mjomba na wote waliokuwepo siku ya mkeka, ili uongo wangu uvunjwe pale pale nilipousema. Atanifokea. Haki yake.

Ngoja.

Saa nane imefika nikiandika. Printa imewaka, imevuta karatasi, imekwenda mbele na nyuma kama kawaida yake. Nimeinuka kuichukua. Ni nyeupe, kaka. Nimeigeuza, nimeiinua kwenye mwanga wa dirisha, nimeisogeza karibu na pua. Hakuna mistari na hakuna jina.

Miezi yote hii nimeliogopa jina lako kila Ijumaa, nikikaa nje na watu wakidhani napunga upepo. Leo limekosekana na nimeogopa kuliko siku zote. Nimelia pia, siwezi kukuficha, nimelia mpaka jirani kagonga ukuta kuuliza kuna nini. Nimemwambia mashine imeharibika. Nilidhani naogopa kwamba hujaondoka. Kumbe nilichokuwa naogopa ni hiki, kwamba siku moja utaniachia kabla mimi sijakuachia.

Haya. Mshale uko kwenye Ndiyo. Mwanangu yuko kwa Mama tangu jana, na Mama kapiga simu sasa hivi kusema alilala vizuri, na kwamba ameanza kugeuka akiitwa. Sikumuuliza anamwita nani.

Nenda, Kobelo. Sikutoi kama mgeni. Umefanya kazi mpaka zamu zisizokuwa zako, na kila ulichokiandika baada ya kufa kilikuwa na makosa yangu, nisamehe. Nikishabofya nitazima mashine kwa utaratibu ulionifundisha, nitaifunika kitambaa kwa ajili ya vumbi, na nitaianza safari ya Kinole kukupokea.

Mdogo wako mpaka leo,
na kuanzia kesho, mama yako.