Chumvi ya Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 6 Januari 1975
Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Nakaa juu ya meza ya jikoni, mfuko wa chumvi ya ziwa Katwe umefungwa kifundoni, nanyoosha mguu wa kushoto polepole, naushusha. Kilo mbili kamili, nilipima dukani. Ni miezi minne tangu daktari wa Kampala anitengenezee kano mpya ndani ya goti. Plasta ilipotolewa, paja lilikuwa jembamba kama mkono. Sista wa zahanati anasema nikisimama kwa mguu huo peke yake nikihesabu hadi thelathini, macho nimefumba, ataniandikia barua ya kurudi shule Kasese. Tunafungua tarehe 3 Februari. Nikichelewa, nafasi yangu huenda akapewa mwingine.
Leo: tano.

Alhamisi, 9 Januari
Mara kumi na tano. Kusimama: saba. Naona aibu kusimama uani kama korongo, watu wakipita kwenda sokoni Mpondwe. Nimehamia nyuma ya jiko.

Jumanne, 14 Januari
Mara ishirini na tano! Mguu unapanda wenyewe. Nimemwambia Biira, jirani yetu na mwenzangu wa bwenini, tuombe vitanda vya pamoja. Kwa kawaida siombi kitu.

Jumapili, 19 Januari
Mara arobaini, wala sichoki. Lakini kusimama: nane tu. Goti linatetemeka, kisha linaachia. Sielewi. Nimesoma tena sura ya misuli katika kitabu cha baiolojia. Hakuna jibu. Kanisani wote walipiga magoti, mimi nimekaa. Nilitamani kutoweka.

Jumatano, 22 Januari
Nimejua. Nimeingia jikoni nikamkuta Nyanya, mama yake Mama, aliyetoka Beni, ng'ambo ya mpaka, kukaa nasi, mkono umo ndani ya mfuko wangu. Chumvi imepotea sokoni wiki ya pili sasa. Amekuwa akichota kila jioni.
"Nyanya, hiyo ni ya mguu!"
"Chumvi iko ya maharagi, mutoto. Muguu inakula chumvi?"
Mama alicheka hadi akakaa chini. Mimi nililia. Kilichobaki hakizidi uzito wa viazi viwili. Siku zote hizi nilijidanganya. Sikusema na Nyanya wakati wa chakula. Maharagi yalikuwa matamu. Hilo nalo limeniudhi.

Alhamisi, 23 Januari
Mchanga wa mto. Kilo mbili. Mara kumi na mbili, basi. Nusura nitapike.

Ijumaa, 31 Januari
Zahanati. Nilitaka kumwambia Sista kwamba nyumbani nimeshafika thelathini. Nikaanza kusema.
"Usinipe maneno, binti. Nipe mguu."
Kumi na tisa. Nikamshika bega nisianguke. Akalipima paja kwa utepe. Bado. Hakuandika barua ya kurudi. Ameandika nyingine, kuiomba shule inisubiri wiki tatu. Huenda wakakubali. Huenda wasikubali. Sijui nitalalaje.

Jumatatu, 3 Februari
Basi la Kasese lilipita saa mbili. Biira alinipungia mkono dirishani. Nilikaa muda mrefu bila kufungua kitabu.
Baadaye nikaenda nyuma ya jiko. Nyanya akaacha mihogo aliyokuwa akimenya, akanifuata. Aliweka mkono karibu na kiwiko changu, bila kunigusa, akabaki hivyo.
Nikainua mguu wa kulia, nikafumba macho.