Ushuhuda wa Mama Mdogo

Jumanne, tarehe 3

Mdogo wangu,

Salamu hizi zikukute mzima, na kama mafua yamekushika, basi yakuachie. Sisi huku tunapumua. Kushona sare za shule kumenizidi, vidole vimeota sugu, na Chiriku amerefuka mpaka gauni la mwaka jana limegeuka blauzi. Domo lake bado halipoi, jina tulimpa sawasawa. Anasema mama mdogo umemsusa.

Nimekupigia mara sita. Simu inaita mpaka inakata. Kama nimekukosea niambie, usininunie kama mke mwenza.

Dada yako

Ijumaa, tarehe 6

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, sijakususa, wala simu haijaharibika. Niko kwenye mfungo wa sauti, siku ishirini na moja. Chakula tunakula kama kawaida, ila simu hatupokei, tunaandika tu. Mtumishi anayetuongoza anasema midomo yetu imezoea kuficha, basi inyamaze mpaka iwe tayari kusema kweli.

Najua unavyoguna. Lakini wewe Jumapili una benchi lako kanisani, una kwaya, una mtu wa kukuuliza mbona wiki jana hukuonekana. Mimi Jumapili napiga pasi mashuka ya hoteli tangu alfajiri, mwaka wa tano huu. Ibada ya kwenye simu ndiyo iliyonifuata huku kwenye mvuke. Naisikiliza nikifanya kazi. Siku moja niliandika "nimechoka", wakanijibu watu arobaini wasionijua hata kwa sura. Nililia juu ya mashuka ya watu. Sikuwahi kulia hivyo tangu nimzae.

Mfungo ukiisha tunatoa ushuhuda mubashara, bila pazia. Zamu yangu ni Jumapili tarehe 22. Unajua nitakachosema. Mficha uchi hazai, dada, na mimi nilizaa kisha nikaendelea kuficha. Nisamehe mapema.

Mdogo wako

Jumamosi, tarehe 7

Mdogo wangu,

Leo salamu sina.

Ungama kwa Mungu. Anasikia vizuri tu, na hahitaji intaneti. Ulikuwa na miaka kumi na sita, marehemu mama akasema mtoto huyu atakuwa wa dada yako. Nikafunga matambara tumboni miezi minne nikitembea nayo mtaani, na ulipojifungua nikampokea. Tulijua watu watatu. Mama ameondoka na yake moyoni.

Chiriku ana miaka kumi na minne. Tulikubaliana amalize shule, tumkalishe mimi na wewe, tumwambie taratibu. Sasa unataka alisikie pamoja na watu elfu nne wa hiyo ibada yenu? Wenzake wote wana simu. Mimi naogopa, nakwambia wazi. Sijawahi kukuomba kitu tangu tuzaliwe. Hiki nakuomba.

Dada yako

Jumatano, tarehe 18

Dada yangu,

Shikamoo. Afya si mbaya, kichwa tu kinaniuma. Nimekaa na maneno yako siku kumi na moja, na umeshinda. Nimemwandikia Mtumishi anitoe kwenye orodha ya Jumapili. Alijibu kwa upole, "Mwanangu, usiogope," basi.

Ila kuna jambo sikukwambia. Wiki iliyopita walituruhusu kufungua midomo mara moja tu, kila mmoja ajirekodi kwanza, wapime sauti na mwanga. Nilijirekodi stoo ya mashuka, nikasema yote. Jina lake nimelitaja, na shule yake, na wewe. Nimeomba waifute. Wamesema wataangalia. Tangu Jumatatu hawajibu tena.

Nimebakiza siku tatu. Nikimaliza nakupigia wewe wa kwanza.

Mdogo wako

Ijumaa, tarehe 20, saa nne asubuhi

Wameirusha video yako jana mchana. Mwenzake wa darasani alimwonyesha saa ya mapumziko. Watu elfu kumi na moja wameshaandika amina.

Alirudi akakaa kwenye kiti cha cherehani yangu, kimya, Chiriku yule. Baadaye akauliza, "Kwa hiyo mama mdogo ndiye mama, na wewe ni mama mkubwa?" Nikamwambia mimi ni mama yako. Akasema, "Sikuuliza hivyo."

Leo asubuhi nimekuta kitanda kimetandikwa. Amechukua mkoba na ile bahasha yako ya Krismasi yenye anwani ya hoteli na namba yako. Basi la saa kumi na mbili hufika huko saa tatu. Simu hana. Nimekupigia mara thelathini. Vunja huo mfungo wako, uniambie yuko kwako.

Mama yake

Ijumaa, tarehe 20, saa saba mchana

Dada,

Nilikuwa nazitazama simu zako zikiita. Ujumbe wako nimeufungua saa sita. Nimetoka kazini bila kuaga, nikaanza kukupigia, na sasa wewe hupatikani.

Saa tatu na robo ilinipigia namba nisiyoijua, mara mbili. Niliiangalia mpaka ikanyamaza. Nilidhani ni shetani ananijaribu, nimebakiza siku moja. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa nguvu.

Nimeipigia sasa, ni ya mama anayeuza maji hapa kituo cha mabasi. Amenieleza. Msichana wa sweta ya kijani alimwomba simu, akasema, "Nampigia mama." Haikupokelewa. Akarudisha simu, akashukuru, akasimama kidogo. Kisha akaja mwanamume akamwambia anaijua hoteli, wakaondoka pamoja. Mlinzi wa hoteli anasema hajamwona msichana yeyote. Nimekwenda polisi, wameandika jina lake, wameniuliza mimi ni nani yake.

Kwenye video bado wananiandikia hongera.

Nipo hapa hapa kituoni, karibu na mwuza maji, asije akarudi akanikosa. Piga muda wowote, nitapokea.

Mdogo wako