Alama Moja ya Mtowisa

Izia, Sumbawanga
Alhamisi, 15 Julai 1954

Leonsi,

Huna adabu. Nimeanza na hilo lisije likasahaulika katikati ya salamu. Mjukuu niliyemtafunia nyama kabla hajaota meno ndiye amekwenda kubandika karatasi kwenye mlango wa kanisa kwamba babu yake ni wa pili. Wa pili! Katekista akaisoma baada ya misa, taratibu, kama anayetangaza ndoa, na watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Shikamoo uliyoiweka juu ya barua yako nimeiona. Nilitaka kukunyima marahaba, lakini mama yako Fransiska anasema kumnyima mtoto marahaba ni kumlaani, basi haya, marahaba. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko chuoni? Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua upepo huu wa kiangazi ukianza kuvuma. Maharage tumeshapura, si mengi, si haba. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mama yako anakusalimu na anasema bado unadaiwa kuja kuezeka jiko. Barua naiandika kwa mkono wangu, kwa herufi zile nilizofundishwa wakati wa mafundisho ya ubatizo, kwa sababu yule mwandishi wa barua wa sokoni ni binamu yake Silvana, mke wa huyo uliyemweka wa kwanza. Usicheke mistari inavyopanda na kushuka.

Uliponijia mwezi wa tano na daftari lako ulinieleza vizuri, sikatai. Ulisema chuo cha walimu kinatimiza miaka ishirini na tano, na Padri Mkuu anataka uwanja mpya upewe jina la mwalimu wa mpira aliyewapita wengine wote, na wewe mwenye kichwa cha hesabu ndiye umepewa kazi ya kumtafuta. Ulisema kuhesabu ushindi mtupu ni ujinga, maana Mwalimu Ignasi amecheza mechi nyingi kwa kuwa siku hizi kuna lori, na babu yako Tadei alicheza chache kwa kuwa enzi zake watu walikuja kwa miguu. Kwa hiyo utapima ushindi kwa nguvu ya yule aliyeshindwa. Ukimfunga mwenye nguvu, alama tatu. Wa kati, mbili. Mnyonge, moja. Nikakusifu. Nikakuchemshia na mayai.

Kumbe nalisha nyoka. Ignasi arobaini na saba, Tadei arobaini na sita. Na Padri ameshatangaza kwamba wakilingana, jina la marehemu litatangulia. Alama moja, Leonsi! Alama moja ndiyo imemwangusha babu yako, na ninajua umeiangushia wapi. Ni mechi ya Mtowisa, mwaka wa nzige, thelathini na tatu. Mabao matano kwa bila, ushindi ulioimbwa hapa mpaka mvua zikanyesha, na wewe umeuandikia mbili. Eti Mtowisa ilikuwa timu ya kati. Nani kakuambia? Ulikuwa na miaka miwili, ulikuwa unakula udongo.

Hebu tuwatazame hao waliofungwa na Ignasi, uliowagawia tatu tatu kama karanga. Makarani wa boma! Viatu wanavyo, mapafu je? Juzi nimewaona wakisukuma gari la Bwana Shauri, mkubwa wao wa boma, lililokwama, watu wanane, gari halikusogea mpaka walipokuja wanawake waliokuwa wanatoka shambani. Vijana wa duka la Saad wanabeba magunia, hao nguvu wanazo, lakini wanacheza huku wameshika kofia zisianguke. Timu ya Kaoze ya siku hizi inapandishwa mlima na lori, wanashuka wanaimba. Wewe ukaniambia anayekuja kwa lori anakuja na miguu mibichi, kwa hiyo ni mgumu kumshinda kuliko aliyepanda mlima kwa siku mbili. Nilikuambia unyamaze. Bado nakuambia.

Babu yako alicheza na watu. Alicheza na wale waliokuwa wakivukuta mivukuto ya tanuri za chuma, wenye mikono kama mizizi. Alicheza na askari wa zamani wa boma, ambao mmoja wao alivunja mwamba wa goli kwa kichwa na akaendelea kucheza. Timu zote hizo zilikula nyumbani kwangu, na mpishi humjua mtu kuliko refa anavyomjua.

Utasema bibi ana wivu. Ninao. Tena usinune, mume wangu mdogo, nitakuambia wivu huo ulivyo. Siku za mechi Silvana, mke wa Ignasi, anawekewa kiti cha mgongo karibu na masista. Kiti hicho nilikikalia mimi miaka saba, na nilikikalia vizuri, sikupanua kanga kama anayeanika ulezi. Akiniona nimefika anasimama, ananiambia karibu mama ukae. Ninamjibu kwamba nimezoea kusimama, kisha magoti yananiuma mpaka Jumatano. Timu ya Ignasi ikifunga bao, watu wanampa mkono yeye, kana kwamba ndiye aliyepiga. Mimi nilipewa mkono namna ile. Najua mkono unavyopata joto. Sasa watoto wa shule wananipita wakiniita bibi wa Izia, hawajui mume wangu alikuwa nani, na ule uwanja ndio ungewaambia.

Hapa nilikuwa nimefika, nikitaka kukuamuru uichukue ile karatasi na kuongeza alama moja, basi, niweke jina langu. Ndipo Ignasi mwenyewe akapiga hodi.

Jana sikuandika kitu. Leo ni Jumamosi, naendelea.

Alivua viatu mlangoni, kama alivyofanya siku zote tangu akiwa mwanafunzi. Akasalimu shikamoo mama, akaweka chini mfuko wa mchele wa kwao Mtowisa, akaketi kwenye kigoda. Nikajua amekuja kunicheka. Kabla hajafungua kinywa nikamwambia kama amefuata hongera amechelewa, zimekwisha, labda ajaribu kwa jirani. Akacheka sana, mjinga yule. Akasema amefuata ile karatasi, kwamba imekosewa. Akasema Leonsi ni kijana mwenye akili ila hakuwepo, na yeye alikuwepo, maana mwaka ule alikuwa winga wa kushoto wa Mtowisa, na Mtowisa ile ilikuwa imeifunga Kaoze na kila timu ya bondeni. Haikuwa timu ya kati hata kidogo. Mtu aliyeifunga mabao matano hawezi kupewa mbili. Akasema atakuja kwako kabla ya sikukuu ya Kupalizwa mwezi ujao akuambie uandike tatu, na alama zikilingana, jina la Mzee Tadei litangulie, kwa kuwa hiyo ndiyo haki.

Alikuwa ananipa uwanja mkononi, Leonsi. Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Nilitafuta sana. Haikuwepo.

Kisha akasema neno lililonimaliza. Alisema mpira wa siku ile ameshausahau nusu, ila jioni yake haisahau. Walikuwa hawajala siku mbili, nzige walikuwa wamemaliza kila kitu bondeni, na alidhani hata kwetu huku juu njaa imefika, kwa kuwa walifika mchana na hapakuwa na kitu. Lakini mama wa nyumba alihangaika, hajui alihangaikia wapi, mpaka jua linazama akawaletea ugali wa ulezi na maharage wakashiba. Akasema alipokuwa anakula alijiambia kwamba kwa watu wa namna hii ndiko atakakosoma. Ndiyo maana mwaka uliofuata alipanda mlima tena, peke yake, akaomba nafasi chuoni. Akanishukuru. Nikamwambia kichwa kinaniuma, akaniaga, akaniombea nipone.

Sasa nisikilize, maana haya hayajui mtu. Babu yako hakuyajua. Mama yako hayajui. Padri nimemwungamia mengi, hili nimekuwa nikilipitia kando kama mtu anayekwepa mbwa.

Chakula kilikuwa tayari. Kilikuwa tayari tangu saa nne asubuhi, vyungu viwili vya maharage na ugali umefunikwa. Unajua mila yetu, mgeni aliyetoka mbali haulizwi hata habari kabla hajatia kitu tumboni. Wale watu wa Mtowisa walifika saa sita, nikawatazama nikiwa mlangoni. Miguu imepauka, midomo imekauka, mmoja anatafuna kijiti. Nikarudi ndani, nikavifunika vyungu kwa ungo, nikafunga mlango wa jiko. Kiongozi wao alimtuma mtu kunisalimu, kwa adabu kabisa, hakutaja chakula. Nikamwambia kuni zimelowa, watakula baada ya mpira. Kuni zimelowa, Leonsi, mwezi wa nane! Hata mtoto wa bondeni anajua kwamba mwezi wa nane huku kwetu hakuna kilicholowa. Lakini mtu yule aliinamisha kichwa, akasema asante mama.

Nilifanya hivyo kwa sababu Jumapili iliyotangulia Padri wa wakati ule alimwambia babu yako kwamba ameshindwa mechi tatu, na akishindwa ya nne, timu atapewa mwalimu mgeni aliyetoka Tabora. Babu yako aliacha kula. Na mimi nilijiona nimerudi nyuma ya umati na jembe langu, na mke wa yule mgeni amekaa kwenye kiti. Sikumfikiria babu yako peke yake. Nilijifikiria mimi zaidi.

Kipindi cha kwanza walicheza. Ee, walicheza! Walituzungusha mpaka Padri akasimama, na ilikuwa bila kwa bila. Kwa hiyo mtu asikuambie walikuwa wanyonge. Kipindi cha pili miguu ikawaishia nguvu. Winga wao wa kushoto alikaa chini katikati ya uwanja, hajaguswa na mtu, na refa akawa anamtafuta jeraha asilione. Mabao yote matano yaliingia baada ya hapo. Babu yako akabebwa mabegani. Na mimi nilipiga vigelegele kuliko wanawake wote, mpaka sauti ikakauka.

Kabla ya mechi babu yako alikuja mbio, mikono imejaa majivu ya kuchorea mistari, akaniuliza kama wageni wamekula. Nikamjibu wamekula vizuri. Amekufa akiamini hivyo. Hata akiwa mgonjwa alikuwa akiwasimulia waliokuja kumwona kwamba siku ile aliwafunga watu walioshiba, si watu wa njaa kama wengine walivyosema, na alinitazama ili niitikie, nami niliitikia.

Hesabu yako ni nzuri, ila uliuliza timu ina nguvu gani, hukuuliza walifikaje uwanjani siku hiyo. Mimi nilijua, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa hapa Alhamisi nikidai alama ya tatu. Nilidhani ninamwonea wivu Silvana. Kumbe ni Ignasi ninayemwonea wivu. Amekaa miaka ishirini na moja akila ugali ule kwa furaha, na mimi niliyeupika haujanishuka kooni mpaka leo.

Basi wasalimie walimu wenzako wote, na yule wa kutoka Kasanga aliyenisaidia kubeba mzigo mwambie sijamsahau. Vaa fulana ya sufu, usijione kijana. Mungu akulinde.

Na hivi ndivyo utakavyofanya, usiongeze lako. Ignasi akija kukuambia uandike tatu, usiandike. Mwambie bibi amekataa. Ile mbili uliyoandika ifute, mechi ya Mtowisa uiondoe kabisa, na chini ya karatasi uandike kwamba siku ile wageni walicheza na njaa, chakula kilikuwepo, na mke wa mwalimu ndiye aliyekificha. Jina langu liweke lote. Kwamba Tadei hakujua, liandike kwa herufi kubwa. Lakini usiibandike bado. Barua hii usimsomee Ignasi, hiyo si kazi yako. Jumamosi ijayo uje asubuhi na baiskeli ya chuo, unipakie, unipeleke nyumbani kwake. Na umtangulize mtu akamwambie Silvana asiteleke kitu kwa ajili yangu, hata maji ya kunywa asinipe, mpaka nimalize kusema mbele ya mume wake. Baada ya hapo wataamua wao kama nile au nirudi.

Mimi bibi yako,
Kristiana, mjane wa Tadei