Goti la Namba Tatu

Mwaitu,

Mama yangu, tulifika fainali. Najua ungetaka nianze hapo, kwa hivyo nimeanza hapo na salamu zitafuata. Ile timu yetu ya jezi za rangi ya machungwa, uliyoichagua mwenyewe katika ligi kuu ya raga ya Uingereza kwa sababu namba tatu wao alikuwa na shingo kama ya babu, ilicheza fainali mwezi wa sita. Na yeye alikuwa uwanjani.

Nyumbani hatujambo. Nunguni ni baridi tupu, ukungu hauondoki mpaka saa nne. Maparachichi yako ya mteremko wa chini yamezaa hadi tumeyawekea miti ya kuyategemeza matawi. Ng'ombe alizaa ndume, ungeudhika. Kigoda chako bado kiko mbele ya televisheni na hakuna anayekikalia, hata wageni. Sijui wao huwa wanaambiwa na nani.

Mara nyingi nakumbuka ulivyoanza. Nilipoweka dishi nilijua utatazama mahubiri. Jumamosi moja ukaja na sinia lako la mahindi ya kupukuchua, ukauliza hawa watu wanagombania nini. Nikakueleza kwamba nane wa huku na nane wa kule hushikana mabega na kusukumana ili mpira utokee upande wao, na kwamba hiyo huitwa skramu. Nikakuambia pia kwamba nilipokuwa sekondari kule Kitui, mimi ndiye niliyesimama pale mbele, kulia, nimevaa namba tatu. Uliliangalia goti langu. Kisha ukasema, "Kwa hivyo ni hapo goti lako liliharibikia." Ulikuja hospitalini siku zile, ukakaa nami, lakini mchezo wenyewe hukuwa umewahi kuuona.

Kutoka siku hiyo hukukosa mechi. Watu wengine hutazama wanaokimbia na mpira. Wewe uliwatazama wanaosukuma. Trai ikifungwa na mtangazaji akapandisha sauti, wewe ulikuwa bado unaangalia wale wa chini kama wote wameamka. Ulipenda pia ile sheria kwamba timu ikishindwa kwa pointi chache hupewa alama moja. Ulisema aliyeitunga alilelewa vizuri. Na ilitufaa, kwa sababu mwanzo wa msimu ule tulishindwa na karibu kila mtu, lakini kwa karibu, na tukawa tunaokota alama zetu moja moja.

Mwezi wa kumi, mvua ya kwao ikinyesha, skramu iliporomoka na namba tatu hakuamka. Walipomtoa kwa machela ulisimama, na mahindi yakamwagika sakafu nzima. Walisema ni goti na huenda msimu wake umeisha. Ukazima televisheni. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Kumbe Jumatano yake ulienda kwenye maombi ya akina mama kanisani, ukasimama, ukasema kuna kijana yuko Uingereza ameumia goti, tumuombee. Hukusema zaidi ya hapo. Nao wakaomba, Jumatano baada ya Jumatano, Krismasi ikapita bado wanaomba.

Ulituacha mwezi wa pili, ligi ikiwa imesimama kupisha mechi za mataifa. Hata kwa kufa ulikuwa na adabu, Mama. Hakuna mechi uliyoikosa.

Jioni ya matanga Mama Kalondu, mwenyekiti wao, alinivuta pembeni karibu na tangi la maji. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na yule ndugu yako wa Uingereza, tumngojee ama hawezi kuja?" Nikamwambia sina ndugu Uingereza. Akanitazama kwa huruma, akidhani naficha mambo ya familia. "Yule wa goti," akasema. "Si mama yako alikuwa analia tukimuombea."

Ndipo nikaelewa. Kicheko kilinipanda kikatoka kilio, na yeye akanishika bega akidhani namlilia ndugu. Mchungaji alikuwa hapo, wajomba walikuwa hapo. Ningeanzia wapi? Niseme kwamba wewe, ambaye kanisani hukuwahi hata kuchelewa, ulipeleka mambo ya televisheni mbele za Mungu na akina mama wote wakadhani ni mwanao? Nikasema tu kwamba hataweza kufika.

Tulipokuzika, sisi watoto tulitupa udongo, kila mmoja konzi yake. Tulipomaliza Mama Kalondu aliinama, akachota konzi moja zaidi, akaifunga ndani ya leso yako ya buluu na kunikabidhi. "Hii ni ya yule hakuweza kuja. Siku atakuja, amwage mwenyewe." Nikaiweka juu ya televisheni. Sikuona mahali pengine pa kuiweka.

Ligi ikarudi, nami nikawa natazama peke yangu na udongo ule juu ya picha. Timu yako ilipanda, Mama. Zile alama za kuokota zilihesabiwa mwishoni na ndizo zilizotuingiza katika nne bora. Nusu fainali, kipindi cha pili, wakamwita mtu wa akiba, na aliyekimbia kuingia ni yeye, goti limefungwa bandeji nyeupe. Niligeukia kigoda nikuambie.

Nililia vibaya siku hiyo. Kisha nikaona siwezi kuendelea hivyo. Kila Jumapili wale akina mama waliniuliza goti la ndugu yako linaendeleaje, na kila Jumapili niliogopa watajua kwa njia nyingine na kuliweka jina lako mdomoni. Hilo ndilo lilininyima raha: jina lako. Afadhali walisikie kwangu.

Kwa hivyo Jumatano kabla ya fainali niliingia kwenye maombi yao, mwanamume peke yangu, nikasimama na kusema yote. Kijana ni mchezaji wa raga. Hatumjui, naye hatujui. Mama alimwona kwenye televisheni tu. Mama Kalondu akavua miwani.

"Lakini goti iliumia kweli?"

Nikasema kweli.

"Sasa imepona ama haijapona?"

Nikasema imepona, atacheza fainali Jumamosi.

"Basi mbona unaongea ni kama umetuletea kifo ingine?" Wakacheka, Mama, wakacheka mpaka wengine wakajifuta macho. Kisha akanigeukia, na sasa hakuwa anacheka. "Kyalo, unafikiria mama yako alianza na huyo? Yako tuliomba mpaka tukachoka, na ilikataa. Akasema moja kukataa si sababu ya kuacha."

Sikujua. Miaka yote hiyo nilidhani uliliacha goti langu kule Kitui kama nilivyoliacha mimi. Hukuwahi kuniambia hata neno.

Jumamosi walijaa sebuleni, wakaleta muthokoi wa mahindi na maharagwe pamoja na chai, na wakaudhika sana kwamba kijana wao ameketi na wa akiba. "Si amepona? Wanangoja nini?" Alipoingia walipiga makofi. Dakika za mwisho tuko nyuma kwa pointi tatu, skramu mbele kabisa ya mstari wa wapinzani, na sebule nzima imesimama. Ikaporomoka. Refa akatoa uamuzi, haukuwa wetu, lakini hakuna aliyemsikiliza. Walikuwa wanawaangalia wale wa chini wakiamka mmoja mmoja, vile ulivyokuwa ukifanya. Yeye aliamka wa mwisho. Akaweka mkono juu ya goti, akasimama wima.

Tulishindwa, na fainali haina alama ya kushindwa kwa karibu. Nikataka kuwapa pole. Mama Kalondu akaniambia, "Pole ya nini? Sisi hatukuomba kombe. Tuliomba goti."

Kisha akaniomba leso iliyokuwa juu ya televisheni.

Kesho yake baada ya ibada tulikuja kwako. Ulituona? Nilidhani yeye ndiye atakayemwaga ule udongo. Akaniwekea mkononi. "Mwaga wewe. Si wewe pia ulikuwa number three." Nikapiga goti moja, lile zima, na lile lingine nikalinyoosha kando unavyolijua, nikamwaga kwa niaba ya yule kijana asiyejua kwamba alikuwa na mama Nunguni. Kuinuka kulinishinda. Walinishika mabega huku na huku, akina mama wote, wakanisimamisha.

Leso nimeifua, iko kabatini kwako. Kigoda nitakihifadhi. Ligi ikifunguliwa, nitawatazama wanaosukuma mpaka wa mwisho aamke, nakuahidi, na Jumatano nitapeleka habari. Wameshaniuliza juu ya bega la namba mbili.

Pumzika sasa, Mwaitu. Watoto wako wote wamekuzika.

Mwanao,
Kyalo