Bodi Niliyoikata Bila Kuipima

Mtoni, Temeke

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii, na habari hii sitaki uipate nusunusu. Masikio yanaendeleaje? Na goti la Mama, limepoa tangu mvua zipungue huko Mafinga? Mie mzima. Nalisema hilo mapema maana shangazi wa Mbezi amesambaza kwamba nimeungua. Sijaungua, Baba.

Uliwahi kuniuliza ni mashine gani hiyo inayokata bila meno. Msumeno wako unatafuna mbao. Hii ya leza haigusi kitu. Lenzi inaukusanya mwanga mpaka unakuwa nukta nyembamba kama uzi, na hapo unapotua chuma kinayeyuka. Gesi inapuliza kile kilichoyeyuka, na kompyuta inakiongoza kichwa cha mashine kufuata mchoro. Karakanani tunazo mbili. Ile kubwa inakata mageti, maboksi ya umeme na vipuri vya mashine za kusaga. Siku ya kwanza ilimaliza ua zima la geti kabla sijafunga aproni, nikapiga ukelele mbele za watu. Mie nilipewa ndogo, ya mbao, ngozi na plastiki za mabango.

Fundi Rajabu, aliyenifundisha kazi, ana sharti moja: plastiki usiyoijua, ipime. Unapasha waya wa shaba, unaugusisha kwenye bodi, unaurudisha motoni. Moto ukigeuka kijani, usikate, maana leza ikiichoma bodi hiyo inatoa moshi wa sumu.

Jumanne mteja alileta bodi nyeupe. "Akriliki hiyo, sista. Fanya haraka, gari linanisubiri." Akriliki ndiyo plastiki ya mabango tunayoikata kila siku, haina sumu hiyo. Nikamwamini. Nikabonyeza.

Moshi ulitoka wa manjano. Harufu yake ilichoma kama mtu amenitia siki na pilipili puani. Nilijua palepale nimefanya nini, Baba, na bado miguu iligoma. Mteja alikimbia. Mie nilisimama tu kama gogo, macho yanatiririka.

"Neema, toka! Toka nje!"

Ni Rajabu. Alinishika kola akanisukuma mlangoni, kisha akarudi ndani kuizima mashine. Alikaa huko muda ambao mpaka leo naona ulikuwa mrefu mno. Alipotoka alishika ukuta, akakohoa mpaka akapiga magoti.

Hospitali walimwekea oksijeni, na mie nikawa nashinda kwenye benchi la wodini. Mkewe, Mama Nasra, alikuwa analeta uji asubuhi na jioni, na kila alipommiminia mumewe alinimiminia na mie. Ananiita mwanangu. Siku tatu nilikunywa uji wake bila kumwambia kitu.

Siku ya tatu akaja bosi wetu, Bwana Murtaza. Babu yake ndiye aliyeanza kuuza vyuma hapa, na yeye karakana anaijua kama sebule yake. Alimpa Rajabu pole, akauliza taratibu, "Ile bodi, nani hakuipima?"

Rajabu alijiinua kidogo. Sauti yake ilikuwa kama karatasi inayochanwa. "Mie, bosi. Mie ndiye niliyemwambia akate."

Baba, nilishtuka kuliko siku ya moshi. Mtu hana hata pumzi ya kumaliza sentensi, anaitumia kunidanganyia! Nilisikia mdomo wangu unasema kabla sijaupa ruhusa: "Si kweli, bosi. Hakuwepo hata nilipokata. Ni mie."

Rajabu alifumba macho. Bwana Murtaza alivua miwani, akaifuta. "Kazini njoo," akasema. "Lakini mashine hutaigusa mpaka Rajabu mwenyewe aniambie." Akaondoka. Sasa nafagia na kupanga mabati.

Nilimgeukia Mama Nasra. Kikombe changu alikuwa amekishika mkononi. Nikaanza, "Mama, nisamehe, mie ndiye..."

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Ulisinzia pale kwenye benchi, ukawa unaitajataja hiyo bodi huku unalia." Akanisogezea kikombe. "Kunywa, uji unapoa."

Alikaa kunisubiri mpaka nikamaliza.

Rajabu ametoka hospitali jana. Anatembea hatua chache, anapumzika. Daktari anasema sauti itarudi, ila mapafu wanayaangalia bado. Jioni nitakwenda kwao kumfulia Mama Nasra. Hajaniomba.

Mama umsomee yote, ila pale niliposimama kama gogo uparuke. Msalimie bibi, mwambie kitenge alichoniagiza nimeshakipata. Msalimie mjomba anayekuletea mbao, na dada na mumewe. Wakisikia maneno ya shangazi, waonyeshe barua hii.

Mwanao niliye hai,
Neema